Matumbawe ya pwani yetu: yamepinduka au bado yanayumba? (Uzi wa takwimu, tafadhali)

Bamvua Kuu (#1)

Wadau, salamu. Tangu Oktoba 2025 kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "wanasayansi wametangaza matumbawe ya dunia yameisha". Chanzo ni ripoti ya nukta za kupinduka iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Waliiandika watafiti 160 wa nchi 23, ikatoka wiki chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Belém, Brazil. Haikusema yameisha. Ilisema matumbawe ya maji ya joto ndiyo mfumo wa kwanza mkubwa wa dunia kuvuka kizingiti chake cha joto. Makadirio ya kati ya kizingiti hicho ni nyuzi 1.2 juu ya joto la kabla ya viwanda, na upana wake ni kati ya 1.0 na 1.5. Dunia sasa iko karibu na 1.4.

Nukta ya kupinduka ni nini? Fikirieni ngalawa. Upepo ukiilaza kidogo, unalegeza demani (kamba ya tanga), inasimama yenyewe. Ikilala mpaka maji yakaingia, hata upepo ukikatika haisimami. Hapo kinachoizamisha ni maji yaliyo ndani, upepo umeshamaliza kazi yake. Kuinua ngalawa iliyojaa maji si kazi ile ile ya kulegeza kamba, tena ni ngumu mara kumi.

Kwa hiyo mambo mawili: badiliko linaanza kujilisha lenyewe, na njia ya kurudi si ile uliyoendea. Anayesema "joto likishuka yatarudi" hajaliona la pili. Anayesema "yamekufa yote, tuvue tu" hajui kwamba kizingiti ni cha mfumo mzima wa dunia, wakati mwamba wa Msambweni na mwamba wa Mafia kila mmoja una hesabu yake.

Tujadili kwa namba. Matusi na siasa pelekeni kwingine.

Kijana wa Gongoni (#2)

Mkuu, mfano wa ngalawa nimeupata. Lakini kwa matumbawe "maji ya ndani" ni kitu gani? Mimi ninavyojua ni joto tu: maji yakichemka yanapauka, yakipoa yanarudi rangi.

Mwambani Kwetu (#3)

Swali zuri, watu wengi hukwama hapo. Tuanze na mnyama mwenyewe. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake anafuga vijimwani vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijimwani hivyo vinapika chakula kwa jua na kumpa mwenyeji hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Maji yakizidi joto na jua likawa kali, mitambo ya vijimwani inaharibika na kuanza kutoa oksijeni ya sumu. Mnyama anavifukuza. Nyama yake haina rangi, kwa hiyo unaona chokaa iliyo chini yake. Huko ndiko kupauka.

Aliyepauka hajafa. Ana njaa. Joto likishuka ndani ya wiki chache anaweza kupata vijimwani upya, ingawa atakaa muda mrefu bila kuzaa vizuri. Joto likiendelea, anakufa.

Hapo ndipo "maji ya ndani" yanapoanza. Mfupa mtupu haukai mtupu. Siku chache tu unashika utando wa kijani-kahawia. Kama pono, kangaja na tasi (chafi kwa wa Unguja) wapo wengi, wanautafuna, mwamba unabaki na ganda la mwani wa chokaa wa rangi ya waridi, na vitoto vya matumbawe vinapenda kutua hapo. Samaki hao wakiwa wamevuliwa, utando unakuwa nyasi, nyasi zinakuwa mwani mrefu. Mwani mrefu unaziba jua, unavisugua vitoto vinavyojaribu kutua, unanasa mchanga. Ukishakomaa unakuwa mgumu, na samaki wengi wanaokula utando mchanga hawaugusi. Wakati huo huo mifupa ya matawi inatobolewa na wadudu wa baharini na ndani ya miaka kadhaa inavunjika kuwa vifusi. Vifusi vinabingirika kila mawimbi ya kusi, kitoto kikitua juu yake kinasagwa. Mapango yamekwisha, samaki hawana pa kujificha, wala-mwani wanazidi kupungua, mwani unazidi.

Baada ya hapo hata ukiyapoza maji, kinachozuia matumbawe ni mwani na vifusi, wala joto halihusiki tena.

Ushahidi mzuri uko jirani, Shelisheli. Baada ya 1998, ambapo visiwa vya ndani vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe, watafiti walifuatilia miamba 21. Matokeo yalitoka 2015: miamba 12 ilirudi, 9 ikawa mashamba ya mwani. Joto lilikuwa lile lile kwa wote. Kilichotofautisha zaidi ni kina cha maji na umbo la mwamba kabla ya joto. Iliyokuwa kwenye kina zaidi na yenye mapango na matawi mengi ilirudi. Ya kina kifupi na bapa ilipinduka.

Bamvua Kuu (#4)

Hapo kwenye Shelisheli pakoleze wino. Joto moja, miamba 21, matokeo mawili. Joto ndilo lililosukuma wote, lakini nani atasimama tena liliamuliwa na hali ya mwamba wenyewe.

Sisimizi wa Pwani (#5)

Naomba kupinga kidogo, msinirukie. 1998 yalikufa, Kenya miamba mingi ilipoteza nusu ya matumbawe na mingine hadi asilimia 90. Miaka ikapita, sehemu nyingi zikarudi. Sasa kelele za nini? Mzunguko tu.

Takwimu Hazidanganyi (#6)

Sisimizi, hoja yako ilikuwa sahihi kwa dunia ya 1998. Tatizo ni nafasi kati ya kipigo na kipigo.

Utafiti wa miamba ya dunia uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwamba ulipata kupauka vibaya mara moja kila miaka 25 hadi 30. Kufikia 2016 nafasi ilishuka hadi karibu miaka 6. Matumbawe ya matawi, ambayo ndiyo yanayokua haraka kuliko yote, yanahitaji miaka 10 hadi 15 kurudi baada ya kufa. Mwenye deni la miaka 10 anapewa miaka 6 kulilipa. Hesabu hiyo haifungi hata ukiipindua vipi.

Kwetu vipigo vikubwa ni 1998, 2016 na 2024. Kipigo cha nne cha dunia kilitangazwa Aprili 2024, na kufikia masika ya 2025 asilimia 84 ya eneo la matumbawe duniani lilikuwa limepata joto la kiwango cha kupausha. Mwaka 2024 wenyewe ndio wa kwanza wa kalenda kuzidi nyuzi 1.5 (Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuweka 1.55). Mwaka mmoja si wastani wa miaka 20, kwa hiyo hatujavuka 1.5 ya makubaliano ya Paris, lakini mwamba hausubiri wastani.

Halafu "yalirudi" lina mtego. Asilimia ya mwamba iliyofunikwa inaweza kurudi huku jamii ikiwa nyingine. Yale ya matawi, yanayokua hadi kama sm 10 kwa mwaka na ndiyo yanayojenga nyumba za samaki, hufa kwanza. Yale ya mawe makubwa ya duara hukua kama sm 1 kwa mwaka na huvumilia. Ukihesabu asilimia tu utasema mwamba mzima. Muulize mwenye dema (mtego wa samaki wa kusuka) atakwambia nyumba ipo, wapangaji hawapo.

Mama Mwani Jambiani (#7)

Niwaongezee upande wa mwani wa kulima, kwa sababu kila siku tunazungumza wavuvi wanaume tu. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi mno ni wanawake. Kuna aina mbili: kotonii yenye bei nzuri na spinosamu yenye bei ya chini. Kotonii inataka maji yasiyobadilika joto sana. Kwenye maji ya kina kifupi, jua la mchana likikutana na kupwa kwa bamvua (siku maji yanapojaa na kutoka sana), maji yanapanda juu ya nyuzi 30 na yanabaki hapo saa kadhaa. Shina linapata mabaka meupe laini, linaoza pale pale kwenye baka, linakatika. Ugonjwa huo ndio "ais-ais". Ndani ya wiki moja kamba inabaki na vifundo vitupu.

Matokeo yake sehemu kubwa ya Unguja wameachana na kotonii wakabaki na spinosamu. Hiyo nayo ni aina ya kupinduka, ila ya mfukoni.

Suluhisho lililojaribiwa, na mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya amelipigania miaka mingi, ni kwenda maji ya kina zaidi kwa nyavu za mrija badala ya kufunga kila shina kwa tai-tai kwenye kamba za vigingi. Mbegu inaingizwa ndani ya mrija wa wavu, mmea unatokeza matunduni, hata ukikatika hauondoki na mkondo. Kinachokwamisha: inahitaji chombo na kuogelea, na akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Mradi unaoleta nyavu bila boti na bila mafunzo ya kuogelea umeleta mapambo.

Kwa anayebaki maji mafupi: ukiona baka la kwanza, vuna mara moja, kata chini ya baka, usichukue mbegu kwenye shina lenye baka hata kama upande wa pili unang'aa. Na usipande mbegu mpya wiki ya bamvua la kaskazi lenye kupwa mchana.

Kijana wa Gongoni (#8)

Shukrani mama. Sasa hizi "wiki za joto" wanazotaja kwenye tahadhari zinahesabiwaje? Mara naona 4, mara 8, mara 12.

Takwimu Hazidanganyi (#9)

Ni hesabu ya shule ya msingi, tatizo maelezo yake yameandikwa kwa watu wa maabara.

Chukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote wa eneo lako. Tuseme ni 29.0, namba ya mfano tu. Ongeza nyuzi 1. Mstari wa hatari ni 30.0. Kila wiki angalia maji yamezidi 29.0 kwa kiasi gani. Yakizidi kwa chini ya nyuzi 1, wiki hiyo haihesabiki. Yakizidi kwa nyuzi 1 au zaidi, unachukua ziada yote.

Wiki ya kwanza maji 30.2, ziada 1.2. Ya pili 30.5, ziada 1.5. Ya tatu 29.7, ziada 0.7, haihesabiki. Ya nne 30.9, ziada 1.9. Jumla 4.6. Unaendelea kujumlisha kwa dirisha la wiki 12 zilizopita, za zamani zinadondoka.

Ikifika 4, tarajia kupauka kunakoonekana. Ikifika 8, tarajia kupauka kwa eneo zima na vifo vya yasiyovumilia joto. Ngazi zilikuwa zinaishia hapo, lakini joto la 2023 lilivuka mizani, ikabidi taasisi ya bahari na anga ya Marekani (NOAA) iongeze ngazi hadi 20 na zaidi, yaani hatari ya kufa karibu mwamba wote.

Mahali watu wanapokosea: setilaiti inasoma ngozi ya juu ya maji kwa kisanduku cha kilomita 5. Ndani ya wangwa, maji yaliyonaswa wakati wa kupwa yanaweza kuwa na joto kubwa kuliko namba ya setilaiti. Kwenye ukingo wa mwamba ambako maji ya kina yanapanda, yanaweza kuwa baridi zaidi. Tahadhari ikisema 6, usiende na hukumu mkononi. Nenda ukatazame.

Mvumoni (#10)

Hapo kwenye maji ya kina ndipo kwetu Tanga na Pemba kuna bahati. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha kama mita 800, na maji baridi ya chini yanafika karibu na miamba. Tim McClanahan na wenzake, ambao wamepima miamba ya pwani hii kwa miongo mingi, wanaielezea sehemu ya Msambweni hadi Tanga na Pemba kama kimbilio: matumbawe yanaonyesha kuumia kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Tusilale lakini. Kimbilio maana yake mahali pa kupunguza kipigo, si mahali pasipopigwa. Na kama kimbilio hicho hicho ndicho kinachokokotwa juya na kulipuliwa baruti, basi tumechoma jahazi lenye maboya.

Sisimizi wa Pwani (#11)

Sawa, nimekubali la muda kati ya vipigo. Lakini sasa mvuvi wa dema afanye nini na nyuzi 1.4 za dunia? Viwanda haviko Kipumbwi.

Mwambani Kwetu (#12)

Sisimizi, sasa umeuliza swali lenyewe. Joto mvuvi hana uwezo nalo. Maji ya ndani ya ngalawa anayo.

Tathmini ya miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi, iliyoongozwa na David Obura wa CORDIO, taasisi ya utafiti wa bahari ya Mombasa, na kuchapishwa Desemba 2021, iligawa eneo vipande 11 na kukuta vyote viko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Lakini sababu hazifanani. Visiwa kama vya Maskareni na sehemu za Madagaska, tishio kuu ni joto lijalo. Pwani ya bara ya Afrika Mashariki, kilichoipandisha kwenye orodha ya hatari ni uvuvi uliopita kiasi, hasa kupotea kwa samaki wakubwa wawindaji.

Namba za kushika: mwamba usiovuliwa katika bahari hii una samaki kama kilo 1,200 kwa hekta. Ukishuka chini ya kilo 600 dalili za kuharibika zinaanza, na chini ya 300 mambo mengi yanaanguka kwa pamoja: wala-mwani wachache, mwani mwingi, viumbe wa miiba wengi. Kati ya 300 na 600 ndiyo sehemu inayotoa mavuno mazuri bila kuubomoa mwamba. Kwa hiyo mvuvi haambiwi aache kuvua. Anaambiwa asiushushe chini ya mstari.

Hao viumbe wa miiba (wale wa duara wanaochoma mguu mtu akikanyaga mwambani) nao wana hadithi yao. Wengi wanadhani ni wazuri kwa sababu wanakula mwani. Ni kweli kwa kiasi. Wakizidi, wanakwangua kila kitu: utando, vitoto vya matumbawe, na chokaa yenyewe ya mwamba. Mwamba hauwi shamba la mwani wala bustani ya matumbawe, unakuwa uwanja wa jiwe lililokwanguliwa. Anayewala hasa ni kikande. Kikande anaingia haraka kwenye dema na ndoano, ni miongoni mwa wa kwanza kuisha, na anachukua miaka mingi kurudi hata eneo likifungwa. Kumrudisha kikande wako akiwa hai kuna maana kuliko mikutano mitatu ya warsha.

Fundi Dema (#13)

Naingia hapo kwenye dema kwa vitendo, maana wengi wanasikia "dema lenye upenyo" hawajui linafumwaje.

Upenyo ni mwanya mmoja mrefu, wima, upana kama sm 3, urefu kama sm 30. Umejaribiwa Kenya kwenye dema za kawaida, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha samaki wasiotakiwa na wachanga walipungua huku samaki waliobaki wakiwa wakubwa na kipato kikipanda. Sababu ni umbo. Samaki kipepeo na vitoto vya tasi ni bapa kama sahani, vinapita kwenye mwanya mwembamba mrefu. Changu mnene wa kuuza hapiti.

Namna ya kuutengeneza: chagua pembe ya nyuma, mbali na mdomo wa dema, kwa sababu samaki aliyenaswa hutembea kufuata ukuta na kukwama pembeni. Acha fito mbili ngumu zisimame sambamba, zifunge juu na chini na katikati ya kila upande kwenye mfumo wa dema. Pima sm 3 kwa ndani, kati ya fito na fito, si katikati ya fito. Weka kipande cha mti cha sm 3 kama kipimo, pitisha juu hadi chini. Kama kinakwama popote, rekebisha.

Kinachoharibika: mianzi mibichi inajikunja ikikauka, mwanya unabana hadi sm 2 na hautoi mtu. Tumia fito zilizokauka. Dema likiburutwa juu ya jiwe mwanya unapanuka katikati kama mdomo, changu wadogo wa kuuza wanatoka, mvuvi anakasirika anaufunga kwa kamba. Ndiyo sababu ya ile funga ya katikati. Na usiutoboe kwenye sakafu ya dema, mchanga unauziba siku ya kwanza.

Ukifika ufukweni ukakuta mwanya umeshonwa, usimtukane mtu. Mara nyingi utakuta dema la jirani halina upenyo, na yeye anaona anawalea samaki wa mwenzake. Upenyo unafanya kazi BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) nzima ikikubaliana, au kamati ya uvuvi ya shehia kwa Zanzibar.

Bintiye Nahodha (#14)

Na kupanda matumbawe je? Naona picha za fremu za chuma na watalii wakifunga vipande. Mbona hamtaji?

Mwambani Kwetu (#15)

Dada, inafaa mahali padogo kwa lengo dogo. Mapitio ya miradi ya dunia yaliyochapishwa 2020 yalikuta wastani wa kuishi kwa vipande ni asilimia 66, lakini miradi mingi, kama asilimia 60, ilifuatiliwa chini ya miezi 18. Maana yake wengi walipiga picha wakaondoka kabla kaskazi kali haijafika.

Florida ndiyo somo kubwa. Miongo ya kupanda aina mbili za matawi, halafu Julai 2023 maji yakachemka. Kwenye ghuba moja isiyo na kina kipimo kilisoma nyuzi 38.4. Vitalu vikafa, vingine vikakimbizwa kwenye matangi nchi kavu. Leo aina hizo mbili zinahesabiwa kuwa zimetoweka kikazi kwenye mwamba wa Florida. Zipo chache, lakini hazijengi tena.

Ukiamua kupanda: tumia vipande vya sm 5 hadi 10 vilivyovunjika vyenyewe, usikate mwamba mzima. Changanya aina na chukua wazazi tofauti. Kuotesha mti mmoja mara mia ni kupanda kifo kimoja. Weka pale palipo na pono na kangaja, la sivyo utakuwa mtumishi wa kupiga brashi kila wiki. Chunguza konokono wadogo weupe chini ya matawi, wanatafuna nyama usiku na kuacha kovu jeupe linaloonekana kama kupauka. Na panda baada ya joto, mwanzo wa kusi bahari ikitulia, siyo Januari. Kipande kilichofungwa Januari kinakutana na Machi kikiwa bado na jeraha.

Mradi wa kupanda kwenye eneo linalokokotwa juya usiupe hata senti.

Takwimu Hazidanganyi (#16)

Kuna mtu kaniuliza faraghani: matumbawe yakipinduka nchi kavu inahusika nini, zaidi ya samaki? Kwa ufupi, mwamba mzima unapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na ukingo wa juu wa mwamba. Ukingo ukisagika, wimbi linafika mnazini likiwa na nguvu zake. Ongeza bahari inayopanda, huku barafu ya magharibi ya Antaktika nayo ikiwa kwenye orodha hiyo hiyo ya mifumo inayoweza kupinduka, na utaelewa kwa nini kuta za mawe za ufukweni zinajengwa kila mwaka na kuanguka kila mwaka.

Na haki itendeke: wapo watafiti wanaopinga kusema kizingiti kimeshavukwa, wakitaja matumbawe yanayozoea joto na miamba ya kimbilio. Ubishi wao ni juu ya tarehe na kasi. Juu ya mwelekeo sijaona anayebisha. Jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa liliandika 2018 kwamba nyuzi 1.5 zitapunguza matumbawe kwa asilimia 70 hadi 90, na nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99.

Kijana wa Gongoni (#17)

Wakuu, BMU yetu inataka kupima yenyewe kaskazi hii. Hatuna mitungi ya kuzamia. Tuanzie wapi?

Bamvua Kuu (#18)

Miwani ya kupigia mbizi, mrija wa kupumulia, futi ya mita 20 isiyovutika, ubao wa plastiki na penseli. Kadi ya rangi ya matumbawe ya Chuo Kikuu cha Queensland ni nyongeza nzuri. Ina ngazi sita kutoka nyeupe hadi iliyokolea, na rangi ikishuka ngazi mbili kwa tumbawe lile lile, hiyo ni dalili ya kupauka.

Pimeni mara tatu mahali pale pale: Januari kabla ya joto, mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei kilele kikiwa kinafika na kupita, kisha Septemba au Oktoba kuona nani kaishi. Mkipima mara moja tu Aprili mtaandika "asilimia 60 imepauka" na hamtajua ni ngapi zilikufa.

Tandazeni futi sambamba na ufukwe, kina kile kile. Kila nusu mita angalieni kilicho chini ya alama, andikeni kimoja: tumbawe zima, lililopauka kidogo, jeupe kabisa, lililokufa karibuni, utando, mwani mrefu, vifusi, mchanga. Mita 20 zinatoa nukta 40. Fanyeni mistari mitatu angalau kwa kila eneo. Andikeni saa, hali ya maji na kina, maana hesabu ya bamvua na ya maji mafu (siku maji yanapojaa na kutoka kidogo) zikichanganywa hazilinganishiki. Viumbe wa miiba wahesabuni kwenye upana wa mita moja kila upande wa futi.

Makosa matatu ya kila mgeni. Ncha nyeupe za matawi si kupauka, hapo ndipo tumbawe linakua. Vidoa vyeupe vilivyochimbika ni meno ya pono. Na kovu jeupe lenye mpaka mkali upande mmoja, nyama nzima upande wa pili, tazameni chini yake kwanza, mara nyingi kuna kiti cha pweza wa miiba (mnyama wa umbo la nyota anayekula matumbawe) kajificha. Kupauka kwa joto kunaanza juu, upande unaopigwa na jua, na kunafifia taratibu kuelekea kivulini.

Kijana wa Gongoni (#19)

Na jeupe kabisa nitalitofautishaje na lililokufa jana?

Bamvua Kuu (#20)

Sogea karibu, usiguse. Lililo hai lina utelezi wa nyama, ukitazama kwa pembeni linang'aa kama kioo chenye mate, na vitundu vimefunikwa. Lililokufa ni kavu kama chaki hata likiwa majini, vitundu vyake vina kingo kali, na mchanga ukilitulia hausukumwi. Ukibaki na shaka andika "jeupe", rudi baada ya siku 7. Likiwa limeota utando wa kijani, badilisha.

Fundi Dema (#21)

Nyongeza kwa Gongoni: kama mna eneo mlilolifunga kwa uvuvi, wekeni mistari mitatu ndani yake na mitatu nje. Dema zenye upenyo wekeni alama ya kamba nyekundu ili mwezi wa tano mjue zipi zilivua wapi. Nitaweka vipimo vya fito kesho.